Pembe Mango, Dukani Ruwi

Bi Zuweina kairudisha kurunzi.
"Globu lumeni elfu, hii mia;
mbona hii ndiyo inichomayo macho?"

Sikumjibu. Nikavuta balungi,
chakula changu cha mchana.
"Hapa kati ndipo taa."
Uzi wa mfuko wa chai
nikaukata sawa na nusukipenyo,
nikachonga ganda: eneo lake uzi kwa uzi.
"Hii steradiani moja.
Balungi zima huvaa kumi na mbili na nusu,
na kichembe."

"Na tikiti maji?"
"Kumi na mbili na nusu, na kichembe."
"Na mwezi, mzima, pande zote?"
"Na kichembe."

Akakunja uso.
"Kipimo gani hiki,
hakijui dogo wala kubwa?"

"Chapima uwazi, bibi.
Mita za juu na mita za chini
zimekulana zikaisha,
limebaki jina.
Globu hugawia maganda yote.
Kurunzi bahili:
mia yake yote yaingia
kwenye ganda la ukucha."

Akaiwasha, akalimulika jabali nyuma ya Ruwi.
Jabali halikushtuka.

"Hata ukucha," nikasema, "ukienda mbali
hutanuka."

Hakunisikia. Kaondoka na kurunzi,
na balungi langu.