Gogo la Tatu

Tuliiacha pikipiki mwisho wa mashamba ya miwa,
pale utamu unapokatika hewani
na tope linaanza kunuka tope.
Mlima ulikuwa umejifunika mawingu gubigubi,
haukutaka habari zetu.

Sifaeli mbele, makatambuga miguuni,
akahesabu hatua kutoka ukingo wa Kikuletwa:
moja hadi kumi na tano, akachora mstari kwa fimbo.
"Huku kwetu. Kule kwake."
Alisema kama mtu anayegawa kihamba.

Ndeshi, wa darasa la tano, alikuja na daftari.
Akaandika: gogo. Gogo. Ndege mweupe. Gogo. Gogo.
"Hilo la tatu lifute," Sifaeli akamnong'oneza,
"limepepesa jicho."

Basi tukaliona jicho.
Kisha pua. Kisha mgongo wote,
kama bati lililokunjamana kwa moto
likaachwa hapo mwaka mzima.
Kinywa wazi. Hali, hangurumi,
anaanika meno tu,
na kitwitwi anapita chini ya taya
akidonoa tope,
hajaacha wosia wowote.

Saa nzima. Nzi, jasho, mguu wangu umekufa ganzi.
Nami nilidhani nimekuja kumtazama mnyama.
Sifaeli anasema yeye ndiye ametutazama
tangu tuliposhuka kwenye pikipiki.

Halafu akaingia. Si kishindo, si wimbi:
maji yalimfunga
kama pindo la kanga linavyofunga sarafu.

Kurudi, tulipita penye uzio wa miiba,
mahali pa kuchotea, hapana ndoo hata moja.
"Hapa mama mdogo alikuwa anachota," alisema Sifaeli,
akaiacha sentensi hapo hapo, bila mkia.
Mbele kidogo akatuzungusha mbali,
juani, vichakani, miba ikitushika nguo:
"Ana mayai kwenye mchanga ule.
Tusimkanyagie."

Ndeshi alishika kalamu.
Hakuandika.

Usiku, Pasua, umeme umekatika,
nimesimama bafuni na kata mkononi
juu ya ndoo ya lita ishirini.
Naijua ndoo hii. Nimeijaza mwenyewe bombani
saa kumi na mbili, mbele ya macho yangu.

Nikachungulia kwanza.