Nusu ya Moyo

Bauma hajamwona bata maji hata siku moja.
Alimjulia kwenye kifuniko cha mkebe wa biskuti
ambamo nyanya yake alitunza sindano na vifungo:
shingo kama alama ya kuuliza,
mgongo kama mtumbwi uliopata usingizi,
na weupe ambao sisi wa Goma hatuujui
ila kwa maziwa ya Masisi, na kwa sanda.

Anamchonga kando ya barabara ya Sake.
Kisu kimoja, ndoo ya maji ya sabuni,
tairi la Fuso lililotafunwa na njia ya Walikale
mpaka likabaki kibogoyo.
Analipasua, analigeuza ndani nje
kama mtu anayevua soksi iliyolowa,
na nyuzi za chuma zinamdai damu, kila mara.
Kisha nondo shingoni, isije ikainama.
Uzuri nao, anasema, unataka chuma ndani.

Mama alitaka mmoja. Bauma akacheka:
"Nsimire, hawa hawauzwi mmoja mmoja.
Ni mke na mume. Uwaelekeze uso kwa uso,
midomo iguse, na katikati yao
utauona moyo."
Mama akahesabu faranga. Akahesabu tena.
"Moyo mzima sina bei yake," akasema.
"Nikatie nusu."

Tukamleta Majengo kwa chukudu,
shingo ikiyumba juu ya magunia ya makala,
watoto nyuma wakiuliza kama anataga,
kama anauma,
kama ni wa Umoja wa Mataifa,
maana kila cheupe kipitacho hapa
kina herufi nyeusi ubavuni.

Akakaa uani juu ya jiwe la volkano,
bila maji, bila mwenzake.
Mgongoni mama hakupanda maua, alipanda lengalenga.
Jioni tulichuma majani kwenye bawa la kushoto
tukala na ugali.
Baba alikuwa amepanda Rubaya kuchimba,
na simu yake ilikuwa ikipokelewa
na yule mwanamke wa kampuni,
mpole, asiyechoka, asiyejua lolote.

Usiku mlima ulipofungua mdomo
tulikimbia na godoro, sufuria, na Ushindi mgongoni.
Nikageuka mara moja tu.
Anga yote ilikuwa jeraha,
na yeye pale, mweupe,
kama mtu aliyeambiwa asubiri akaamini.

Moto ulisimama mtaa wa tatu kabla ya wetu.
Tuliporudi, majivu yalikuwa yamemvika kijivu
toka mdomo hadi mkia.
Nikamwambia mama nililolisoma shuleni:
kwamba bata maji huzaliwa hivyo hivyo, wa kijivu,
na weupe huwajia baadaye, polepole.
Mama hakujibu. Lakini hakumwosha.
Alinyang'anya Ushindi kitambaa mkononi,
akasema mvua ina kazi yake.

Mwaka huu, kwa mshahara wangu wa kwanza,
nilimrudia Bauma nikamtaka mume. Au mke.
Sijui yule wetu ni yupi.
Akanionyesha mkono wa kulia:
vidole viwili havikunjiki tena, nyuzi zimevimaliza.
"Siku hizi natengeneza wa kutazama kushoto tu," akasema,
akitazama pembeni.
"Hawatafanya moyo, mwanangu. Nisikudanganye."
Nikalipa bei yote.

Mama alitoka na beseni la vyombo, akasimama.
Aliwatazama mpaka povu likakauka mikononi.
Akamsogeza mpya kidogo,
akamrudisha alipokuwa,
akaenda ndani kutafuta mbegu za vitunguu.

Ni kweli, moyo haukupatikana.
Wamekaa bega kwa bega juu ya jiwe jeusi,
mmoja mweupe wa jana, mmoja mweupe wa miaka,
na wote wawili wanatazama geti
kama watu waliosikia hodi.