Kumbukumbu za Kikao

Kazi yangu ni kuandika yaliyosemwa,
si yaliyomezwa.
Karani wa baraza hana maoni. Ana kalamu,
na saa ndogo inayolia kila dakika tatu.

Ajenda namba nne: je, mji wa Hollis Bay
uiombe serikali ya jimbo
irudishe kuwa jinai
kukutwa na gramu mbili na nusu mfukoni?

Akaanza Gord Maskell, sajenti mstaafu.
Alisema: Nilikuwa nikimkamata mtu Ijumaa,
nikimwona tena baada ya wiki tatu
ana shavu, ananiuliza matokeo ya mpira wa magongo.
Rumande haikumponya. Ilimchelewesha.
Na aliyecheleweshwa yu hai.
Sasa nampita tu, kama nguzo ya taa.
Saa ikalia. Akaketi, koti la mvua limefungwa hadi kidevuni.

Aisifuye mvua imemnyea, husemwa.
Humu ndani imemnyea kila mtu
na hakuna anayeisifu.

Lorna Tveit, muuza nyuzi za kufumia,
alikuja na kifuko cha sukari.
Aliipima nyumbani, kwenye mizani ya keki,
akaimimina mezani mbele ya meya.
Ndicho mnachobishania, akasema. Kijiko cha chai hakijai.
Mwanangu Corwin alikuwa anaogopa polisi kuliko kifo,
kwa hiyo alijifungia chooni
na komeo akalitia.
Tulivunja mlango kwa shoka la kuni.
Bawaba ninazo.
Saa ikalia, ikalia, nikaibana kwa kiganja.

Kisha mama wa mgahawa, Odile Fontaine, sauti ndogo:
Mimi si katili. Nafagia sindano kabla mjukuu hajaamka.
Yule alalaye kizingitini kwangu namjua kwa jina, Teddy.
Alhamisi nilitaka kujua kama anapumua
nikamgusa kwa kiatu.
Kwa kiatu.
Miaka miwili nyuma ningeinama.
Sijui sheria gani itanirudishia mgongo wangu,
lakini hii tuliyo nayo imeuchukua.

Hapo mlango wa nyuma ukafunguka.
Kijana mmoja, mirefu mikono ya sweta lake,
jina lake halimo kwenye orodha ya wasemaji.
Mwenyekiti akamsomea kanuni ya saba.
Akasema hakuja kusema,
alikuwa anauliza choo kiko wapi.
Choo tulikifunga Januari, kwa namba za siri,
kwa ajili ya watu kama yeye.
Hili sikuliandika.

Wala sikuandika kwamba nina kaka, nilikuwa na kaka,
Anders,
aliyefungwa miezi minne akatoka safi,
amenyolewa, anakula mayai matatu asubuhi.
Siku ya tisa alirudia kipimo chake cha zamani.
Mkono uliukumbuka. Mwili ulikuwa umekwisha kusahau.
Nilitaka kumshika Maskell bega nimwambie:
kuna kuchelewa kunakoua.
Lakini barua pekee aliyowahi kuniandikia
ina muhuri wa gereza,
na ndani yake anauliza habari za paka.
Basi niambie, niiweke kwenye fungu lipi?

Kura zilipigwa. Nne kwa tatu.
Upande ulioshinda haukupiga makofi,
ulitafuta miavuli.

Nilibaki kufuta meza.
Sukari haifutiki kwa kitambaa kikavu, inatawanyika tu,
ikaingia kwenye mifereji ya mbao, kwenye kurasa zangu,
chini ya kucha.
Kikao kilifungwa saa tatu na dakika kumi usiku, nikaandika,
na chini yake, mahali pasipo na safu:
namba za choo ni tisa, sifuri, nne, mbili.

Mwenyekiti atazikata.
Nimeziandika kwa wino.