Ubao Mpana

Mama alinipa jina Submit, maana yake Tii,
nami nimelibeba miaka sabini kama ndoo iliyotoboka.
Msiniulize habari za uhuru wenu.
Uulizeni ubao huu ulio chini ya kitanda changu,
inchi ishirini na tisa toka ukingo hadi ukingo.

Sheria ilitoka ng'ambo, imekunjwa, ina nta nyekundu:
msonobari mweupe unaozidi inchi ishirini na nne
ni wa Mfalme, uwe mlingoti wa manowari zake.
Mfalme hakupata kukanyaga theluji ya New Hampshire,
hakujua mto wetu huganda mwezi gani,
lakini mtu wake alipita msituni na kishoka
akachanja kila shina mapigo matatu,
unyayo wa kunguru.

Tulitii. Tukapasua mbao za inchi ishirini na tatu.
Nyumba hadi nyumba, ishirini na tatu, ishirini na tatu,
kijiji kizima kikawa kiaminifu kwa rula.
Huo ni mchana.
Usiku misumeno ilikuwa na lugha nyingine,
na ubao huu mume wangu Ichabod aliulaza kifudifudi,
unyayo wa kunguru ukitazama udongo.

Hakuwa shujaa, Ichabod. Alimwogopa mbwa wa jirani.
Lakini walipoyahesabu magogo yetu bwawani
wakaandika faini, pauni kumi na mbili,
wanaume walijaa jikoni mwangu kujipaka masizi.
Nilikwangua chungu nikawagawia kwa kijiko, kama uji.
Niliwajua wote: Obadiah kwa kikohozi,
Shemasi Tewksbury kwa viatu vyake vya kanisani.
Wakamtoa afisa kitandani na soksi moja,
wakamchapa kwa fito za msonobari,
msonobari uleule!
Farasi wake wakamnyoa mkia.
Alfajiri walinawa kwenye beseni langu, wakicheka.

Maji yale meusi aliyamwaga Quamino.
Quamino, aliyewashikia farasi usiku kucha,
ambaye hakuhitaji masizi,
ambaye katika daftari la mume wangu
aliandikwa kati ya ng'ombe wawili na saa ya ukutani.
Alisimama mlangoni, akaniuliza taratibu,
"Bibi, fito zilizobaki, nizichome au niziweke?"
Nikasema, choma.
Akazichoma mojamoja, akihesabu
kwa lugha ambayo hakuna aliyewahi kumwuliza jina lake.

Kisha vita. Kisha kengele.
Jana raia wa Mfalme, leo raia wa Jamhuri;
neno ni lilelile, wamebadilisha kiti tu.
Quamino hakuambiwa lolote.

Na mwanangu Eliphalet akapewa muhuri na kijiti cha kupimia
apite vilimani akihesabu mapipa ya pombe kali,
kodi kwa kila galoni.
"Mama, hii ni tofauti," alisema, kola imemkaba.
"Sheria hii tumeipigia kura."
"Nani?"
"Sisi."
Nikaitazama mikono yangu.
Sikukumbuka kupiga chochote
isipokuwa pasi na magoti.

Juzi usiku mlango ukagongwa.
Vijana sita, mbele yao Jabez, mjukuu wa Obadiah,
kikohozi kilekile, kimerithiwa kama shamba.
"Bibi, tunaomba masizi ya chungu."
Hawakusema wanakwenda wapi.
Sikuwauliza. Mwanangu alikuwa amelala
nyumba ya wageni, juu kilimani, chumba cha nyuma.

Mimi niliyewagawia baba zao kwa kijiko!
"Chungu nimekisugua," nikasema.
Nyuma yangu kilining'inia cheusi ti, kila mtu akikiona.
Jabez alikitazama, akanitazama mimi,
akavua kofia.
Nilisikia nyayo zao zikishuka. Au zikipanda.
Masikio ya sabini hayajui kilima.

Nilikaa juu ya ubao hadi kukapambazuka,
kunguru yuko chini yangu, kifudifudi.
Kwato zikaja. Nikatoka na shali, sikumtazama mwanangu usoni,
nilizunguka nyuma ya farasi kwanza.

Mkia ulikuwepo.

Nikarudi ndani kufagia.