Mizani ya Sikitu

Msimu wa karafuu umemharibu mbwa wangu.
Wachumaji walipika, walisaza, wakamwita:
ukoko, machicha, vichwa vya dagaa,
naye hajui kumvunja mtu moyo.

Juzi nguruwe waliingia muhogoni kwa Shaame Faki.
Pembe ikalia. Sikitu akakimbia hadi mgombani,
akaketi, ulimi nje,
kama bwana harusi anayengoja kupepewa.
Makangale nzima inacheka mpaka leo.

Mizani iko kituoni, lakini nani
atampandisha mbwa panapopimwa karafuu?
Basi mizani ni kiganja changu.
Mkono mkavu, nywele kavu, nampapasa:
ubavu niuguse, nisiuone.
Nikiuona, nimemdhulumu.
Nisipouhisi, nimemdhulumu vilevile.

Tangu leo kifuu kimoja asubuhi,
kimoja magharibi,
na kila alfajiri mpaka ukingo wa Ngezi na kurudi.

Ananitazama kama niliyekopa nikakana.
Bikombo, mke wangu, naye ananitazama:
“Mbwa unampimia. Na hilo tumbo lako?”

Nimekaza mshipi, tundu la mwisho.
Sikitu mbele, anahema.
Nyuma yake, nahema mimi.