Ving'ora Mia Nne

Mwezi wa kumi na moja, manispaa ya Wałbrzych ilinikabidhi
bajeti ya kununulia peremende
na ving'ora mia nne vya kunusa hewa ya sumu,
vyeupe, kila kimoja kama kopo la krimu.
"Wape watu. Bure," mkuu wa idara akasema.
"Si wewe uliyewafanya wainywe ile bia?"

Ni mimi. Kwenye bango kulikuwa na mbwa na theluji,
watu wakacheka, watu wakanunua.
Kiu ina mdomo wake;
mimi niliishikia kipaza sauti tu.

Lakini hewa hii haina rangi wala harufu.
Jiko la vigae likikosa pumzi, yenyewe hutoka,
huingia chumbani bila hodi, bila kuvua viatu,
na mwenye nyumba hudhani ni usingizi.
Sasa hapo nichore nini?

Nilichora fuvu. Watu wakatazama pembeni.
Nikachora mtoto amelala.
Mama mmoja akapiga simu, hakusema jina,
akaomba tu lile la kituo cha basi liondolewe.
Nikaenda kulibandua mwenyewe, usiku, kwa kisu cha jikoni.
Nikaandika: HEWA MBAYA HAINA RAFIKI.
Ksawery, kijana wa mafunzo, akasoma mara mbili:
"Kwani kuna aliyeutaka urafiki wake?"

Nani alisema chema chajiuza?
Chema kilikaa ofisini ndani ya maboksi,
mia tatu themanini na tisa,
nikawa nakiegemeza miguu.

Akaja Gerwazy Pytlik kulipwa ankara yake,
mfagia mabomba ya moshi, mweusi hadi kwenye kope.
Ksawery akashika kifungo cha shati haraka:
huku kwetu ukimwona mfagiaji, shika kifungo, omba bahati.
Mzee akaguna.
"Miaka thelathini na moja wananishikia vifungo,
kisha wananifungia milango."

Nikaacha kuandika.
Nikachukua king'ora kimoja, nikakigeuza.
Kilikuwa na kifungo kimoja tu, chekundu, cha kujaribia.

Tukapanda ngazi za nyumba za wachimba makaa,
yeye mbele na brashi yake, mimi nyuma na boksi,
na bango halikuwa na picha, lilisema tu
SHIKA KIFUNGO. HALAFU FUNGUA MLANGO.
Wengine walifungua wapate kumgusa mzee.
Wengine walitupa supu. Mmoja alitupa mbwa,
yaani alimfungulia.
Kufikia Februari boksi la mwisho likawa la paka wa mlinzi.

Mwandishi wa gazeti akauliza: mmeokoa wangapi?
Nikamwambia sijui.
Akauliza: kuna picha?
Picha ya nini, ndugu yangu?
Ya familia iliyoamka asubuhi ikakosa sukari ya chai?
Hakurudi.

Aliyekuja ni bibi Honorata Szczygieł, ghorofa ya tatu,
na king'ora ndani ya soksi ya sufi.
Akakitua mezani kama panya aliyekufa.
Saa tisa za usiku, alisema, hiki kitu kilianza kulia.
Alikipiga kwa kandambili, hakikunyamaza.
Alikifunika kwa mto, hakikunyamaza.
Kichwa kinamuuma, miguu haimtii,
akafungua dirisha la barazani akakitupa nje kwenye theluji,
na kwa hasira hakulifunga tena hadi alfajiri.
"Chukueni kelele zenu. Nataka barua ya radhi."

Gerwazy alipanda juu ya paa adhuhuri ile ile,
akashuka na kiota cha kunguru, kimejaa, kizito,
ndani yake kijiko cha chai na utepe wa Krismasi.
Tukakitazama. Hakuna aliyesema kitu.

Fomu ya ripoti ina safu iitwayo Matukio.
Niliandika: hakuna.

Kisha nikakaa hadi giza, nikaandika rasimu nne.
*Mheshimiwa bibi Szczygieł,
tunasikitika sana kwa kukukatizia usingizi.*