Mbeta Sita

Aliteremka kutoka kambini mwezi wa Februari,
ukungu umeikalia Kilolo kama kuku aliyeatamia,
bila mkanda, bila kofia,
na mabegani koti lake lilikuwa na madoa ya kijani kibichi
pale nyota zilipong'olewa.
Jua lilikuwa limelila koti zima, likabakiza hapo tu.

Fundi Kihwele alitaka kuweka viraka.
"Acha," akasema. "Shona kifungo."

Tulimwita Jenerali. Kwanza kwa kumcheka,
baadaye kwa kuwa hatukuwa na jina jingine.
Wengine walisema alikula fedha za viatu.
Wengine, mke wa mkubwa.
Mzee Mgovano, aliyepeleka mahindi kambini kwa punda,
alisema, yule aliogopa,
akatema mate, akauliza bei ya chumvi.

Yeye alilima viazi.
Matuta yake yalinyooka mpaka yakaudhi watu.
Jumamosi mgambo wakicheza gwaride uwanja wa shule
alisimama kando, jembe begani;
mguu ukikosewa, alikohoa.
Sajini wetu alijifunza kukisubiri kikohozi kile.

Mama aliuza ulanzi.
Jenerali alikunywa karibu na mlango, mgongo ukutani,
na mama aliandika nyuma ya daftari langu la hesabu:
Jenerali, mbeta moja.
Jenerali, mbeta moja.
Alilipa viazi vilipokomaa. Akakopa tena.

Usiku mmoja wa Juni, sakitu ikiunguza majani shambani,
ulanzi umekwisha msimu, alikuja kuota moto tu.
Alikuwa akiongea na moto, si na sisi.
"Mto ulikuwa umejaa.
Nilikuwa na watoto themanini na wanne,
mmoja ana ndevu tatu, anazihesabu kila asubuhi.
Amri ikaja: vukeni.
Walioitoa hawakuwa wameyaona yale maji.
Nikawarudisha."

Mama akasogeza kuni.
"Basi uliwaokoa."

"Ng'ambo kulikuwa na wengine kumi na tisa.
Walitungoja siku tatu."

Mimi nilikuwa chini ya blanketi, najifanya nimelala.
Kuni mbichi ililia muda mrefu.

Redio ya duka la ushirika ilipotangaza
kwamba nchi yake imepata bendera,
tulikimbia shambani kumwambia, tukianguka kwenye matuta.
Alifuta jembe kwa kiganja.
"Wameutaja mto?"
Hapana, Jenerali.
Akaendelea kupalilia.

Wiki ile malori ya kambi yalipita yakiimba.
Alisimama barabarani na lile koti.
Kwenye lori la nne mtu mmoja hakuimba,
ndevu zimejaa mpaka kifuani.
Alimtazama Jenerali hadi konani.
Hakupunga mkono. Hakutukana.
Vumbi lilipotulia tuliona Jenerali bado amekakamaa,
visigino pamoja,
mbwa wa Kihwele akimnusa kiatu.

Tulimzika sisi, mwaka mahindi yalipooza kwa mvua.
Miaka kumi na moja ikapita, ndipo gari likaja,
bendera ndogo mbele, vijana wa tai,
barua yenye muhuri: amesafishwa, anarudishiwa cheo,
mifupa inatakiwa nyumbani.

Mwenyekiti alishatafuta majembe.
Mama akatoka na daftari.
"Huyu ana deni langu. Mbeta sita."
Wakacheka kwa adabu. Wakatoa noti, nyingi mno,
noti ambazo zingenunua mianzi ya mlima mzima.
Mama akazirudisha mikono yote miwili,
kama mtu anavyorudisha mtoto wa watu.
"Sijasema nadai kwenu."

Walilala Iringa mjini, wakarudi, wakabishana, wakapiga picha.
Mwishowe walichukua koti.

Mama naye amelala sasa, hatua chache kutoka pale,
na daftari limekuja kwangu, linanuka moshi.
Msimu ukianza nagema mwenyewe.
Jana alikuja mwanafunzi kuuliza habari za shujaa.
Nikamkaribisha kiti karibu na mlango.
Akataka cha mezani.